Usingizi wa saa sita: bukari, sireni na wazee wetu wa Lubumbashi

Neno la kuanzia

Tunapoandika juu ya desturi, mara nyingi tunachagua mambo makubwa: mahari, majina, ngoma, maziko, heshima ya wakwe. Mambo hayo yanaonekana na kila mtu, tena yana siku zake. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo dogo, linalopita kila siku nyuma ya nyumba, kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe: usingizi unaomkamata muzee akisha kula.

Sababu ya kufikiri jambo hili tuliipata kwetu wenyewe, na si kwa sifa. Jumapili moja, hapa Makomeno, tulipokea wageni waliokuja kuongea mahari ya dada yetu mdogo. Papa yetu, mstaafu wa reli, alikuwa amepita miaka sabini. Alikula pamoja na wageni kama desturi inavyotaka: bukari, kuku, sombe, na samaki kidogo. Watu wakanawa mikono, msemaji wa wageni akaanza maneno yake. Muzee akasinzia. Kichwa kikashuka mpaka kifuani. Wageni wakaangaliana. Sisi wanawe, tena tuliosoma, tukaona haya. Tukamtikisa bega: “Papa, lamuka! Bageni beko banakungoja!” Muzee akashtuka, akasimama mbio ili kuonyesha kwamba yupo. Macho yakageuka, akaanguka, paji la uso likagonga ukingo wa meza.

Hakufa, na jeraha lilipona. Lakini mazungumzo yalikatika siku ile, na maneno yakaanza kutembea. Wengine walisema ni aibu. Wengine walisema ni alama mbaya kwa ndoa ile. Na mama mmoja wa avenyu yetu akauliza kwa sauti ya chini: “Muzee wa kulala muchana vile, busiku anaendaka wapi?” Mtu wa Lubumbashi haelezwi swali hilo. Ni kusema buloji.

Tangu hapo tulijiuliza: usingizi huu unatoka wapi? Zamani watu wa kwetu waliuonaje? Na ni nani aliyetufundisha kuuonea haya? Tutajaribu kujibu maswali haya matatu, tukianza na historia, kisha tukifika kwenye mwili wenyewe.

1. Nsaka na saa ya jua

Kabla ya mji huu kuwako, nchi hii ilikuwa ya vijiji vya Walamba, na kuzunguka kwao Wasanga, Wabemba, Waluba, Walunda na wengine. Lugha zao zina neno lililo karibu moja kwa usingizi: Wabemba wanasema utulo, Waluba wanasema tulo. Wabemba na majirani wao walikuwa na nsaka, kibanda cha duara kisicho na kuta nzima, mahali pa wanaume kukaa, kula na kukata maneno. Mtu mzima alikula pale, na akisha kula aliegemea nguzo pale pale. Hakuhitaji kuomba ruhusa ya kufunga macho.

Katika miaka ya 1930, mwanamke mtaalamu kutoka Uingereza, Audrey Richards, alikaa kwa Wabemba wa ng’ambo, katika Zambia ya leo, akaandika kwa makini namna walivyolima na kula. Kitabu chake kilitoka 1939. Kinaonyesha kwamba watu hawakufanya kazi kwa saa moja isiyobadilika kila siku. Kazi ilifuata mvua, jua, njaa na sherehe. Chakula kikubwa kilikuwa mara nyingi kimoja kwa siku, tena cha alasiri au jioni. Miezi ya njaa hata hicho kilipungua, na watu wakapunguza kazi ili wasichoke bure.

Tusifanye uzee wa kijiji kuwa paradiso. Muzee asiye na watoto aliteseka, na mashaka ya buloji yalikuwako tayari. Lakini jambo moja ni wazi: hapakuwa na saa ya ukutani ya kumhukumu mtu kwa sababu amesinzia. Usingizi wa mchana ulikuwa sehemu ya siku, kama kivuli. Aliyelala alilala, na aliyetaka neno lake alingoja.

2. Sireni

Mwaka 1906 zikaundwa kampuni mbili ambazo watoto wetu wanazisoma shuleni: Union Minière du Haut-Katanga, na kampuni ya reli tunayoiita BCK. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika hapa, na mji wa Élisabethville ukaanza. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba yake ya kwanza.

Tanuru ni bwana mgumu. Haizimwi usiku kusudi watu walale. Kwa hiyo watu ndio waliogawanywa: wengine asubuhi, wengine mchana, wengine usiku, masaa nane nane. Treni vilevile haingoji jua. Wiki hii mtu anaamka saa kumi za usiku, wiki ijayo saa hiyo ndiyo anarudi nyumbani. Toka hapo saa haikusomwa tena juu ya jua, ilisikiwa kwa masikio. Sireni ililia, na kampi nzima ikajua: hawa wanaingia, hawa wanatoka.

Kwanza wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, na wengi walikufa au walikimbia. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ikabadilisha njia: mkataba wa miaka mitatu, mke na watoto wakae naye kampini, nyumba, munganga, shule, na posho. Posho ndiyo iliyoleta unga wa mahindi mezani petu kila siku. Babu zetu walijua zaidi mtama, ulezi na muhogo. Kampuni ilihitaji chakula cha kupimwa kwa kilo na kubebwa kwa gari la moshi, na mahindi yalifaa. Bukari nyeupe ya mahindi, tunayoiita leo chakula cha asili, ina alama ya kampuni ndani yake.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika sana juu ya jamaa hizi za wafanyakazi. Watu wa wakati ule walikuwa na msemo unaojulikana mpaka leo: “Kazi njo baba, kazi njo mama.” Ukisha kusema kazi ni baba na mama, umesema pia kwamba mtu anayelala muchana ni yatima, au ni mvivu. Hapa ndipo haya yetu ilipozaliwa. Katika kampi, mwanaume aliyeonekana amelala saa ya kazi alikuwa mgonjwa, au anatoka zamu ya usiku, au ni mtu wa kuandikwa jina. Mama alifukuza watoto wasipige kelele kwa baba wa zamu ya usiku, kwa kuwa usingizi wake ulikuwa na kibali cha kampuni. Usingizi wa muzee haukuwa na kibali cha mtu. Muzee mwenyewe, kwa mpango wa kampuni, alitakiwa kurudi kijijini akimaliza kazi.

3. Saa sita ya wakubwa

Basi tuangalie upande wa pili wa mji, kwa sababu huko saa sita mchana watu walikuwa wanalala.

Wabelgiji wa koloni walifunga ofisi na maduka katikati ya mchana. Walikwenda nyumbani, wakala, wakapumzika, halafu wakarudi kazini saa nane. Boy aliosha sahani pole pole ili asimwamshe bwana. Jambo lile lile, kusinzia baada ya kula, upande mmoja wa mji liliitwa siesta na kuhesabiwa kama afya, upande mwingine liliitwa uvivu. Mwili ulikuwa mmoja, jina ndilo lilikuwa mbili.

Hata neno siesta lenyewe linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Ni neno la Wahispania, linalotoka katika Kilatini, hora sexta, maana yake saa ya sita. Waroma walihesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, kama sisi Waswahili. Saa yao ya sita ni saa sita yetu. Kwa hiyo mtu anayesema siesta, akijua au asijue, anasema saa sita.

Tena kuna watu waliokuja Katanga na saa sita hiyo ndani ya kanuni yao. Mapadri wa kwanza wa misioni katika mji huu walikuwa Wabenedikto kutoka Ubelgiji, waliofika 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu wetu mpaka kifo chake 1958. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliandikwa katika karne ya sita. Sura yake ya 48 inapanga saa za kazi na za kusoma, na kwa majira ya joto inawapa watawa ruhusa ya kulala kitandani kwa kimya wakisha kula baada ya saa ya sita. Anayetaka kusoma, asome bila kumsumbua mwenzake. Kanuni ile ile inachukia uvivu na kuuita adui wa roho. Tunaona basi kwamba mtu aliyepigana na uvivu kwa nguvu zote hakuchanganya uvivu na usingizi wa saa sita.

Wenzetu wa pwani nao wanajua jambo hili. Waislamu wanaliita kailula, pumziko la katikati ya mchana, na linahesabiwa kuwa desturi njema kwa mtu anayetaka kuamka usiku kusali. Zanzibar maduka mengi yanafunga adhuhuri na kufungua tena alasiri. Ni sisi tu, watoto wa sireni, tulioona usingizi huo kuwa kosa.

4. Malali ya usingizi

Kuna sababu nyingine ya woga, na hiyo si ya kuchekwa. Mwaka ule ule wa 1910 mji ulipoanza, Wabelgiji walituma Katanga kikundi cha waganga wakiongozwa na Jérôme Rodhain. Walifanya uchunguzi mpaka 1912, na kazi yao kubwa ilikuwa malali ya usingizi, inayoletwa na inzi anayeitwa ndorobo. Malali hiyo ilikuwa inaua watu katika nchi za mito, na Luapula ilikuwa mahali pa hatari.

Waganga wa wakati ule walipapasa shingo za watu kutafuta tezi zilizovimba. Mtu aliyesinzia mchana alitiliwa shaka mbele ya wote. Malali hiyo inageuza siku: mgonjwa analala mchana, usiku anakosa usingizi, akili inapotea kidogo kidogo, na bila dawa anakufa. Bibi zetu waliona hayo kwa macho. Si ajabu kwamba mama wa Katanga akimwona mtu anasinzia mbele ya sahani alimwita kwa nguvu, “Lamuka!”

Leo malali hiyo imepungua sana. Mwaka 1998 Kongo peke yake ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000. Tangu 2018 dunia nzima haifiki 1,000 kwa mwaka, ijapokuwa wengi wao bado wako nchini kwetu. Malali imekwenda, lakini woga wake umebaki katika midomo, na umejiunga na woga wa buloji: anayelala mchana, basi usiku anatembea.

5. Sireni iliponyamaza

Sasa tufike kwenye miaka tuliyoiona wenyewe. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 miji iliporwa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000 kwa mia katika mwaka mmoja. Gécamines, iliyorithi Union Minière tangu 1967, ikakosa kulipa. Posho ikakatika. Reli nayo ikadhoofika.

Ndipo jamaa nyingi za Lubumbashi zikajifunza kula mara moja kwa siku. Asubuhi chai kavu, au hapana kitu. Chakula chenyewe saa kumi, au usiku baba akirudi. Mtu aliyekaa na njaa tangu asubuhi akiona bukari, anakula yote kwa mara moja. Tena sahani yenyewe ilibadilika: bukari ikawa mlima, na mboga ikawa kijiko. Nyama tulikumbuka kwa jina. Sisi tulikuwa vijana, na tunakumbuka namna nyumba nzima ilivyokuwa inasinzia baada ya sahani ile moja. Wazee ndio waliosinzia kwanza na zaidi.

Halafu, kati ya 2003 na 2004, Gécamines iliwaachisha kazi watu 10,655 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa feza za Benki ya Dunia. Walikuwa watu wenye miaka mingi ya kazi. Tuliona wanaume ambao tangu ujana wao siku yao ilipangwa na zamu, sasa wameketi mbele ya nyumba saa nne za asubuhi, mikono juu ya magoti. Saa sita wanakula kama kuna chakula. Saa saba wanasinzia. Batoto wanapita wanacheka.

Siku moja tulimuuliza papa yetu juu ya jambo hili. Akajibu bila hasira: “Miaka makumi tatu sireni njo ilikuwa inanilamusha. Leo bukari njo inanilaza. Mulitaka nifanye nini? Kazi nilisha kuitumika.”

6. Mwili wa muzee

Baada ya kuanguka kwa papa, tulimpeleka kwa munganga. Mfirmie mmoja mwenye akili alifanya jambo rahisi: alimpima tansiyo, ile wenzetu wa Tanzania wanayoiita presha, kabla ya kula, halafu akampima tena saa moja baada ya kula. Ya pili ilikuwa imeshuka sana. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tulimwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda. Tunaomba kueleza kwa ufupi, kama tunavyofanya mbele ya wanafunzi.

Kwanza, usingizi wa baada ya saa sita si wa chakula peke yake. Mwili una saa yake ya ndani. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Saa hiyo inashusha nguvu zetu usiku, na tena kidogo mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi. Hata mtu ambaye hakula anasikia mshuko huo. Chakula kizito, hasa bunga bweupe bila mboga ya kutosha, kinauongeza.

Pili, tumezoea kusema kwamba damu yote inashuka tumboni na kuacha kichwa kitupu. Kwa kijana mzima si kweli. Damu nyingi zinakwenda tumboni, ndiyo, lakini moyo unaongeza mbio na mishipa mingine inajibana, na ubongo unapata sehemu yake. Kwa muzee mambo ni mengine. Moyo na mishipa inachelewa kujibu, na tansiyo inaweza kushuka kwa kipimo cha 20 au zaidi katika masaa mawili baada ya kula. Anasikia uzito, kizunguzungu, giza machoni. Akisimama mbio, anaanguka. Jambo hili linaonekana zaidi kwa wenye malali ya sukari, wenye malali ya kutetemeka ya Parkinson, na wanaokunywa dawa za tansiyo ya juu. Waganga walianza kuliandika vizuri katika miaka ya 1970 na 1980 tu. Kumbe mababu waliegemea nguzo ya nsaka mapema kuliko vitabu.

Tatu, usiku wa muzee ni mwepesi. Anaamka kukojoa, anaamka kwa maumivu ya magoti, anaamka kabla ya jogoo. Na mtu wa zamu, aliyeharibu usiku wake kwa miaka thelathini, mara nyingi harudishiwi. Usingizi wa mchana unalipa deni hilo. Hapo ndipo jibu la yule mama wa avenyu: usiku muzee haendi popote, yuko kitandani amefungua macho, anahesabu mbwa wanaobweka.

Je, usingizi huo ni mzuri au mbaya? Mwaka 2007 ulitoka uchunguzi wa Ugiriki juu ya watu wazima zaidi ya 23,000 wasiokuwa na malali ya moyo walipoanza kufuatwa. Wale waliopumzika mchana kwa kawaida walikufa kwa malali ya moyo kwa 37 kwa mia pungufu kuliko wasiopumzika. Lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba usingizi mrefu wa mchana, wa kupita saa moja, unatembea mara nyingi pamoja na malali iliyojificha. Tuchukue njia ya katikati: nusu saa, si zaidi, na kabla ya saa tisa, ili usiku usiharibike.

Nyumbani kwetu tumebadilisha mambo machache. Muzee anakunywa kikombe kikubwa cha maji kabla ya kula. Bukari imegawanywa: kidogo saa sita, kidogo jioni. Sombe, maharagwe na dagaa zimeongezeka, mlima wa bukari umepungua. Akisha kula anakaa kwenye kiti chenye mgongo, hasimami mbio, na akisimama anashika kitu kwanza. Lutuku hapana. Dawa zake haziachwi wala kubadilishwa saa bila neno la munganga.

Tena tunaangalia. Ikiwa usingizi umeanza ghafula na si desturi yake. Ikiwa anakunywa maji mengi na kukojoa sana. Ikiwa anakoroma usiku na kukatika pumzi. Ikiwa mkono mmoja umelegea au maneno yamepotoka, hapo usingoje hata dakika. Hayo si usingizi wa saa sita, na kumwachia muzee alale siku hiyo si heshima, ni kumpoteza.

7. Neno la kufunga

Mazungumzo ya mahari yalianza tena baada ya wiki tatu. Safari hii tulipanga mambo kwa akili: maneno kwanza, chakula baadaye. Papa alisema vizuri, kwa sauti ya mtu wa reli, na wageni walifurahi. Halafu tukala. Halafu akalala kwenye kiti chake, mbele ya wakwe, na hakuna aliyemgusa. Msemaji wa wageni, mtu mzima naye, alimwangalia, akasogeza kiti chake kivulini, akafunga macho pia.

Waswahili wa pwani wana methali: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Wao wanaitumia kwa mambo ya mashindano na ujanja. Sisi tunaomba kuichukua kama ilivyo. Tulimwamsha muzee kwa haya ambayo haikuwa yetu. Tuliikopa kwa sireni, na sireni yenyewe imenyamaza. Nasi tutafika kwenye kiti kile. Tunaoandika haya tumepita miaka arobaini, na mchana darasani, baada ya bukari, chaki imeanza kuwa nzito mkononi.

Kwa wasomaji wetu tuna ombi moja. Kabla ya muzee wako kulala leo, muulize alikuwa anaingia kazini saa ngapi, zamu gani, na posho ilikuwa na nini ndani. Andika. Akisha kukuambia, mletee maji, fukuza batoto wanaopiga kelele, na umwache.